Ekspati akihama Kileleshwa, yaya anabaki na nini?

Ukitaka kujua nani anaondoka Nairobi, huhitaji kufika JKIA. Tafuta ubao wa matangazo karibu na mlango wa supamaketi kubwa pale Lavington au Westlands, usimame dakika mbili usome. Meza ya kulia na viti sita. Friji, bado iko sawa. Baiskeli ya mtoto. Gari, unaongea na mwenyewe moja kwa moja. Halafu pale chini, kwenye karatasi ile ile: yaya mwaminifu, amekaa nasi miaka mitano, anapika vizuri, anapatikana kuanzia mwisho wa mwezi.

Nilipoiona karatasi kama hiyo mara ya kwanza, friji ilikuwa imekatwa kwa kalamu. Imeuzwa. Yaya bado.

Si ati waliobandika ni watu wabaya. Wengi wao huandika hivyo kwa nia njema kabisa. Wanampenda huyo dada, wanajua wakishapanda ndege hana kazi, na wanajaribu kumtafutia nyumba nyingine. Lakini karatasi hiyo inasema mengi kuhusu jinsi familia za kigeni zinavyoishi katika jiji letu, na zaidi kuhusu jinsi zinavyoondoka. Mimi nilianza kuzisoma kwa makini mwaka wa 2025. Unakumbuka Januari ile: Donald Trump aliapishwa, siku hiyo hiyo akasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Vyombo vya habari viliandika, tena vizuri, kuhusu wauguzi na wahudumu wa kliniki za HIV waliopoteza ajira kote nchini. Kuhusu mpishi wa Kileleshwa, dereva wa Loresho na soja wa Spring Valley, kimya.

Na sasa kuna wengine wanaokuja. Umoja wa Mataifa, ukibana matumizi kwenye miji ghali kama New York na Geneva, una mpango wa kuhamishia Nairobi baadhi ya ofisi na wafanyakazi wake, wakiwemo wa UNICEF, UNFPA na UN Women. Serikali imefurahi, na ina haki ya kufurahi. Madalali wa nyumba wamefurahi zaidi. Kabla wewe na mimi hatujaanza kupiga makofi, tuangalie familia moja ya kigeni inavyozoea maisha hapa, nani anafanya hiyo kazi ya kuizoesha, na kwa masharti gani.

Tuanze na jina. Mhandisi Mjerumani anayefanya kazi Westlands tunamwita ekspati. Mwalimu Mwingereza, ekspati. Mchina anayesimamia mjengo Kilimani, huyo ni Mchina tu. Mrundi anayekatiza Moi Avenue na njugu zake ni "yule Mrundi wa njugu". Daktari wa Khartoum aliyekimbia na familia yake baada ya vita kuzuka Aprili 15, 2023, akapanga nyumba hapa, hatujui hata tumwiteje. Na binti wa Kangemi anayefanya kazi za nyumbani Riyadh? "Ameenda Gulf." Wote hao wameacha kwao wakaenda kutafuta maisha katika nchi ya wenyewe. Jina ekspati tunampa mtu tukishapiga hesabu ya mshahara wake na rangi ya pasipoti yake, na wakati mwingine rangi ya ngozi pia. Tusijidanganye.

Serikali nayo ina majina yake, na hayo ndiyo yenye uzito. Pita Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Maombi siku hizi ni ya mtandaoni, lakini watu bado wanafika pale kupigwa alama za vidole na kuchukua kadi ya mgeni. Foleni ni moja, makaratasi ni tofauti. Kibali cha daraja D ni cha aliyeajiriwa, na mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba ujuzi huo haupatikani kwa Wakenya. Oktoba 2024 tukaongeza daraja N, la wale wanaozunguka dunia na laptopu wakilipwa na kampuni za nje. Sharti kuu la huyu wa mwisho ni kwamba pesa zake zisitoke Kenya.

Sasa mlinganishe na yule Mrundi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Novemba 28, 2017, siku ya kuapishwa kwake mara ya pili, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia wana Afrika Mashariki waje wafanye kazi, wafanye biashara, wamiliki mali, na wakipata wa kuwakubali, waoe au waolewe hapa hapa. Watu walishangilia. Kwa hivyo Mrundi anaingia bila viza, sawa. Lakini njugu zake zinahitaji leseni ya kaunti, na kanjo wakitokea kona ya Tom Mboya Street hotuba ya 2017 haimsaidii. Mwenye laptopu anakaa mkahawani Westlands saa sita nzima na kikombe kimoja cha kahawa, hakuna anayemuuliza kitu.

Tumwache Mrundi apumzike, twende magharibi.

Jifanye wewe ndiwe umetua. Mko wanne: mume, mke, watoto wawili. Mmefika Jumamosi usiku, mmepelekwa kwenye apatimenti Kileleshwa, ghorofa ya saba. Jumatatu asubuhi mmoja wenu anaripoti kazini. Jumapili jioni stima inazima. Giza hilo ni la mtaa mzima ama ni tokeni zimeisha? Hujui tokeni ni nini. Unashuka chini kwa ngazi, unamkuta soja. Yeye ndiye anakuonyesha mita, anakuelekeza kwa keyateka, na ukikosa M-Pesa (maana laini yako bado haijasajiliwa) ananunua za mia mbili kwa simu yake, utamrudishia. Huyo ndiye mwalimu wako wa kwanza Kenya, na huenda halipwi hata nusu ya bei ya viatu ulivyovaa.

Halafu maji. Ya kaunti yanakuja kwa zamu, ya kisima yana floridi nyingi, kwa hivyo ya kunywa ni yale ya mtungi wa lita 20. Nani anakuambia? Yaya, wiki ya kwanza. Unaenda kununua maembe kando ya barabara, unauziwa bei ya mzungu hata kama wewe ni Mkorea. Yaya anacheka, Jumamosi anaenda soko la Kangemi na pesa hizo hizo anarudi na maembe, avokado na sukuma ya wiki nzima. Mtoto anashikwa na homa usiku. Wewe umesoma kuhusu malaria kwenye intaneti na unatetemeka. Yaya anamgusa paji la uso, anauliza kama mmesafiri Mombasa au Kisumu hivi karibuni, anakwambia Nairobi hapa malaria si rahisi, lakini kesho apelekwe apimwe. Yeye pia ndiye anayejua fundi wa bomba, fundi wa gesi, mtu wa Wi-Fi na boda anayeaminika. Watoto wanajifunza Kiswahili kutoka kwake, si kutoka shuleni, ndiyo maana wanakiongea na lafudhi ya Kakamega au Machakos.

Baada ya miezi mitatu familia inawaandikia ndugu zao kwamba Nairobi ni rahisi sana kuzoea. Ni rahisi kwa sababu kuna mtu anaizoea kwa niaba yao.

Mtu huyo anatoka wapi? Simama Gitanga Road saa kumi na mbili asubuhi uone watu wanavyotoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington. Wanawake kwa wingi, viatu vya kazi kwenye mfuko, viatu vya matope miguuni. Nenda Waiyaki Way uone wa Kangemi wakisambaa kuelekea Loresho, Mountain View na Westlands. Nauli ya matatu ya 46 au ya 23 ukiilipa asubuhi na jioni kila siku, inakula siku kadhaa za mshahara, kwa hivyo wanatembea. Ile barabara yetu ya juu, Expressway, inatoka Mlolongo kilomita 27 na kuishia makutano ya James Gichuru, kabla tu hujaingia Kangemi. Sisemi walifanya makusudi. Nasema tu ukisimama pale saa hiyo, utaona nani anashuka na gari na nani anapita chini kwa miguu.

Ramani hii haikuchorwa jana. Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa magharibi na kaskazini kwenye miinuko na hewa safi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands. Mwafrika alipita magharibi akiwa na kipande, kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyemwajiri. Baada ya 1963 rangi iliondolewa kwenye sheria, bei ikashika nafasi yake. Mabanglo ya Kilimani na Kileleshwa yaliyokuwa na bustani ya robo ekari yameng'olewa moja moja miaka hii ishirini iliyopita, yakaota maghorofa. Watu wameongezeka mara nyingi, mabomba ya majitaka hayakuongezeka hivyo. Lakini mpangilio wa asubuhi ni ule ule: wanaohudumu wanatoka chini, wanapanda.

Sasa tuongee pesa, maana hapo ndipo sisi vijana tunakasirika, na mara nyingi tunamkasirikia mtu asiyehusika.

Maekspati wengi wanalipwa kwa dola au yuro. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu 156, na Januari 2024 ikagusa 160 kabla ya kushuka hadi kama 129, na hapo imekaa kwa muda mrefu. Chukua mtu wa dola 4,000 kwa mwezi. Januari 2023 hizo ni shilingi 492,000. Desemba ni 624,000. Hakuomba nyongeza, hakufanya kazi zaidi, ila ameamka na 132,000 za ziada. Yaya wake wa 20,000 amemaliza mwaka na 20,000 zile zile, huku unga, mafuta na nauli vikipanda kwa sababu ya dola hiyo hiyo. Ile tofauti peke yake ingelipa mayaya sita, na chenji ingebaki.

Nimeuliza marafiki wanaofanya kazi kwenye mashirika: kuna aliyeongezea yaya mshahara mwaka ule kwa sababu shilingi imeanguka? Mmoja alisema ndiyo. Mmoja.

Kodi ya nyumba nayo. Kuna malandilodi upande huu wanaoandika mkataba kwa dola, na Mkenya anayepanga kwenye jengo hilo naye analipa kwa dola. Nyumba ya dola 1,500 ilikuwa 240,000 dola ilipofika 160, na ni 193,500 kwa dola ya 129. Wewe uliyelipwa kwa shilingi umeruka na kuanguka na kitu ambacho hakikuhusu. Wengine wameona hata mpangaji wa mwaka mzima ni hasara, wakaweka makochi na televisheni, nyumba ikawa ya kulipiwa kwa usiku kupitia Airbnb. Matokeo unayajua kwa sababu huenda umeyaishi: wawili mmeoana juzi, wote mna kazi, mlitaka Kilimani, mkaishia Ruaka, Kinoo au Rongai, na saa mbili za jam kila asubuhi.

Hili si letu peke yetu. Barcelona, Julai 2024, waandamanaji waliwamwagia watalii maji kwa bunduki za plastiki. Mexico City, Julai 2025, watu waliingia barabarani mitaa ya Roma na Condesa kupinga kodi kupanda huku wageni wenye laptopu wakijaa. Lisbon nako wamelalamika miaka nenda miaka rudi. Hapa kwetu bado hasira hiyo haijatoka barabarani, inaishia kwenye mitandao: ati Wachina wamemaliza Kilimani, ati Wasudani wamepandisha kodi, ati wazungu warudi kwao.

Mimi siikubali hiyo lugha. Kwanza, tumeshaona inafika wapi. Aprili 2014 polisi walikusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya wenzetu, wakawafungia uwanjani Kasarani wapekuliwe makaratasi. Pili, mgeni hapangi bei ya nyumba. Anayepanga ni mwenye jengo, na mwenye jengo kwa kawaida ni Mkenya, na aliyemruhusu kujenga ghorofa kumi na tano kwenye bomba la nyumba moja yuko City Hall. Familia ya Khartoum iliyofika na masanduku mawili ikalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo kwa sababu hakuna landilodi aliyeiamini, hiyo ndiyo umeamua iwe adui?

Tena maisha ya mgeni si mteremko kila upande. Anayefuata mwenzi wake Nairobi kwa kibali cha tegemezi haruhusiwi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe. Unakuta mwanamke aliyekuwa wakili kwao, sasa kazi yake ni kusubiri watoto watoke shule. Marafiki anaowapata wanahama kila baada ya miaka miwili, mitatu. Ndoa nyingi zinatikisika hapo, nami nimeona baadhi.

Usalama nao umewajengea ukuta. Westgate ilishambuliwa Septemba 21, 2013 na watu 67 wakauawa. Januari 15, 2019 ikawa DusitD2 kule Riverside, watu 21. Tangu hapo balozi na mashirika yana sheria kali za mahali pa kuishi na pa kwenda. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 familia nyingi zilipokea ujumbe kwenye simu: msikaribie katikati ya jiji. Vijana wa rika lako walikuwa wanakula gesi ya machozi Kenyatta Avenue, na kilomita tano tu kutoka hapo kuna watoto walikuwa wanaogelea, wameambiwa leo hakuna shule. Sitaki kuwalaumu wazazi wao. Ukiwa na mtoto ungefanya vivyo hivyo. Lakini ndiyo unakuta mtoto amekaa Nairobi miaka minane, anajua Karura, anajua Sarit, na hajawahi kushuka River Road hata kununua betri.

Na lugha, tumewasaidia kutoijua. Mgeni akijaribu Kiswahili mara mbili tunamjibu kwa Kiingereza, tunataka kuonyesha tumesoma. Tunamwachia "jambo", neno ambalo hakuna Mnairobi anamwambia Mnairobi mwenzake.

Kwa hivyo ugomvi wangu hauko kwa mgeni kuja, wala kwa mgeni kuishi vizuri. Uko kwenye ile karatasi ya supamaketi. Kwa sababu karibu kila kitu kwenye maisha ya familia hiyo kina mkataba: nyumba ina mkataba, shule ina mkataba, gari lina logibuku, intaneti ina mkataba. Mtu anayelala na watoto wao wakiwa safarini ndiye mara nyingi hana kitu kilichoandikwa.

Sheria ipo, tena haina utata. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Siku moja ya mapumziko kila wiki. Likizo ya siku 21 yenye malipo ukimaliza mwaka. Novemba 2024 mshahara wa chini Nairobi kwa kazi za jumla, za nyumbani zikiwemo, uliwekwa shilingi 16,113.75, na kama hulali kwa mwajiri anaongeza asilimia 15 ya nyumba, hiyo ilifika 18,530 na senti. Mwajiri anatakiwa apeleke NSSF, SHA na ule ushuru wa nyumba, awe Mkenya au awe mgeni. Ukiachishwa kwa sababu nafasi yenyewe imekwisha, bila kosa lako, unastahili notisi na si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanya. Yaya wa 20,000 aliyekaa miaka mitano, hizo ni takriban 50,000. Kwa familia inayohamisha nyumba nzima hadi Ulaya, tiketi moja ya ndege ya kwenda na kurudi kwa kawaida inazidi hapo.

Mahakama zetu za kazi zimeshasema mara kadhaa kwamba mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama mwingine. Shida ni kufika huko. Mwajiri akishaondoka nchini, unamshtaki nani? Na kama ana kinga ya kidiplomasia, kumpeleka kortini hata akiwa hapa ni mlima. Watu wengi hawajui kwamba Mkataba wa Vienna wa 1961, ule ule unaompa mwanadiplomasia kinga, kwenye kifungu cha 33 unamtaka afuate sheria za nchi za hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wa nyumbani aliowaajiri hapa hapa. Maana yake NSSF ya mpishi si zawadi. Wizara ya Mambo ya Nje inaweza kuwakumbusha mabalozi hilo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Tukisema ukweli pia, wageni wengi wanalipa kuliko sisi. Muulize yeyote Kawangware atakuambia: kazi ya mzungu au ya UN inatafutwa kwa kupigania. Kuna Wakenya, tena wasomi, tena wanaoandika "haki" kila siku mitandaoni, wanaomlipa msichana 8,000 na kumlaza jikoni. Ukiwa na mama fua anayekuja Jumamosi kwako bedsita, hesabu hii inakuhusu hata wewe. Lakini ekspati ana kitu ambacho sisi hatuna: tarehe ya kuondoka anaijua mapema. Mkataba wake wa kazi una mwanzo na mwisho. Kwa hivyo siku anamwajiri yaya anajua tayari, miaka mitatu au minne kabla, kwamba siku ya kuachana itafika. Anaweza kuweka pesa hiyo kando kidogo kidogo kila mwezi. Mashirika yanayolipia familia hizi kodi, karo na kuhamisha makochi baharini yanaweza kuweka malipo ya mwisho ya yaya na soja kwenye orodha hiyo hiyo ya gharama. Kama Gigiri inapokea familia zaidi, huu ndio wakati wa kulisema, kabla hawajatua, si wakiwa wanafunga masanduku.

Nakuandikia wewe hasa kwa sababu nyingine. Kuna uwezekano mkubwa miaka michache ijayo mgeni utakuwa wewe. Mwaka wa 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na serikali kupitia mpango wa Kazi Majuu inasukuma vijana zaidi waende. Utatua Doha, Jeddah au Manchester usiku. Utatafuta mtu wa kukuonyesha mita ya stima. Hakuna atakayekuita ekspati. Utataka mwajiri wako awe ameandika saa za kazi, siku ya mapumziko na kiinua mgongo kwenye karatasi unayoielewa, na pasipoti yako ikae mfukoni mwako. Wenzetu wengi wa Saudia wametueleza, wengine kwa video za kulia, nini hutokea hayo yasipoandikwa.

Kwa sasa, kama mamako, shangazi au dadako ni kati ya wale wa Gitanga Road asubuhi, muulize akirudi jioni kama kuna chochote alichosaini, na kama NSSF yake inaingia. Michango inaonekana kwa simu, si lazima aende ofisini. Akisema mwajiri ni mtu mzuri, mwambie mtu mzuri hatakataa kusaini. Akikataa, kuna maafisa wa leba, na kuna KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani na hoteli, ambacho kinampokea hata kama yuko peke yake kwenye nyumba yake ya kazi. Na kama familia yake imeshaanza kuuza viti, aulize wiki hii, kabla zamu ya friji haijafika.